Goli la Mkono Kilcarrow

Zilikuwa zimebaki dakika tatu mpira kwisha. Upepo ulikuwa unayaleta manyunyu mpaka ndani ya kibanda cha watangazaji, na Majella Tiernan alikuwa amesimama, macho hayabanduki uwanjani. Ireland na Finland, wasichana wasiozidi miaka kumi na saba, mechi ya pili ya kufuzu, na bado hakuna aliyemfunga mwenzake. Runinga haikuja. Kwa mechi za wasichana wadogo runinga huwa haiji, tena zikichezewa mji kama Kilcarrow, kilomita kumi tu kutoka mpaka wa kaskazini, ambako watu wa Dublin hawajui hata barabara inapitia wapi. Aliyetaka kujua kinachoendelea alikuwa na njia moja tu: redio ya mji, na mdomo wa Majella.

Mdomo huo ulikuwa unajulikana. Majella alikuwa na miaka hamsini na nne. Siku za kazi alikuwa karani katika kiwanda cha maziwa cha ushirika; mwisho wa wiki alitangaza mpira, na kila Jumatatu jioni aliendesha kipindi cha simu ambamo wasikilizaji waligombana mpaka wakakoma wenyewe. Pembeni yake siku zote alikaa shemeji yake Phelim, mdogo wa mumewe, kipa wa zamani wa Kilcarrow na mchambuzi ambaye katika miaka ishirini hajawahi kuona faulo iliyochezwa na mtu wa kwao.

"Kona inapigwa," Majella alisema, sauti ikipanda. "Inaingia ndani, juu, Temi wetu anaruka katikati ya mabeki wawili... Goli! Goooli! Temi wetu! Binti wa Kilcarrow, nyumbani kwao, mbele ya watu wao!"

Phelim alikwisharuka mpaka kofia imemdondoka. Chini, watu elfu mbili walikuwa wanapiga kelele kama elfu ishirini. Wenzake Temi Bakare walimwangukia wote kwa pamoja pale kwenye tope. Refa alielekeza mkono katikati ya uwanja. Kipa wa Finland, msichana mrefu mwenye nywele nyeupe kama pamba, alimkimbilia refa huku akijipiga kiganja chake cha kushoto, tena na tena.

Majella alinyamaza sekunde mbili. Redioni sekunde mbili ni nyingi.

"Ngojeni kidogo, wasikilizaji," alisema. "Nilikuwa natazama pale pale. Bakare kaunawa ule mpira. Haukugusa kichwa. Ni mkono wa kushoto, na refa hakuuona."

Phelim aliokota kofia akafunika nayo kipaza sauti chake. "Shemeji, umekunywa nini wewe?"

"Chai."

"Basi kunywa nyingine unyamaze!"

Hakunyamaza. Alirudia maneno yale yale mara moja zaidi, taratibu, kisha akaendelea kutangaza mpaka kipenga cha mwisho. Ireland moja, Finland bila.

Kufika Jumapili, mji wote ulikuwa na la kusema. Baada ya misa, pale nje ya kanisa, Assumpta McGurk, mwenye baa, alimvamia Majella kabla hajafungua mwavuli.

"Kwani ungekufa ukikaa kimya?" Assumpta alimwuliza. "Refa kanyamaza, mshika kibendera kanyamaza. Wewe nani kakupa filimbi?"

"Nilisema nilichokiona, Assumpta."

"Kazi yako kuona kwetu! Hao Waingereza wa ng'ambo wanapotangaza, umewahi kuwasikia wakisema wao ndio wamekosea?"

"Na wewe umesahau yule Mfaransa aliyeunawa mpira akatutoa?" mzee mmoja aliyekuwa akiwasha sigara alidakia. "Miaka yote hii baa yako haijafungwa siku moja bila mtu kuulilia ule mkono. Tulitaka mechi irudiwe. Tulitaka dunia nzima ituonee huruma. Sasa mkono ni wetu, tumekuwa vipofu?"

"Ule ulikuwa wa Kombe la Dunia!"

"Kumbe mkono una bei."

Walicheka watu wawili watatu, wengine wakanuna. Majella aliwaacha wakiendelea, akaenda nyumbani na uso wa moto. Siku nzima hakuna jirani aliyepita kuazima chochote. Kitu pekee kilichompa moyo ni barua pepe iliyofika redioni, Phelim akampelekea kwenye simu bila kuongeza neno. Ilitoka kwa baba yake yule kipa wa Finland. Alikuwa ameisikiliza mechi kwa mtandao, jikoni kwake, mji wa Rovaniemi, na mama mkwe wake. Kiingereza chetu si kizuri, aliandika, lakini tulielewa kwamba mtu wa huko ameona alichoona binti yangu. Tunakushukuru.

Majella aliisoma mara nne. Ukweli ni kwamba alijiona mkubwa kidogo. Aliosha vyombo huku akijiambia kwamba redio ndogo kama yao imefanya ambacho redio kubwa haziwezi, na kwamba Jumatatu atawajibu wote, mmoja mmoja.

Jumatatu saa kumi na mbili jioni taa zote sita za simu zilikuwa zinawaka kabla muziki wa kufungulia kipindi haujaisha. Mwanzoni mambo yalikwenda kama alivyotarajia. Packie wa Drumcoole, ambaye hupiga kila wiki hata kama hakuna mechi, alisema mtangazaji asiye na upande ni sawa na chai bila maziwa. Mwalimu mstaafu akamjibu kwamba nchi haiinuliwi na uongo, na kwamba yeye angependa kufungwa kumi bila kuliko kushinda hivyo. Packie akapiga tena kusema kwamba mwalimu huyo hajawahi kucheza mchezo wowote zaidi ya karata. Phelim alikuwa anacheka, Majella anacheka, kipindi kimepamba moto.

Kisha akapiga mwanamume aliyekataa kutaja jina.

"Mimi naona mnazunguka tu," alisema. Sauti yake ilikuwa ya utulivu, ya mtu aliyefikiri. "Tatizo si redio. Tatizo ni kwamba yule msichana si wa hapa. Sisi Waairishi hatuchezi hivyo. Huwezi kumvika mtu jezi ya kijani ukategemea atakuwa na ule moyo."

Majella alifungua mdomo. Alitaka kusema jambo, halafu akaona taa nyingine tano zinawaka, na mazoea ya miaka ishirini yakamtoka yenyewe. "Haya, asante kwa maoni yako. Mpigaji anayefuata?"

Anayefuata alikuwa mwanamke, akasema yeye hana ubaguzi lakini huyo bwana aliyetangulia ana hoja. Wa tatu akauliza wazazi wa msichana huyo walikuja lini. Majella alibonyeza kitufe, akaweka wimbo.

Phelim alikuwa amekunja mikono kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi hakuonekana mwenye hasira. Alionekana amechoka.

"Temi kazaliwa hospitali ile ile aliyozaliwa mwanao," alisema. "Mama yake ndiye aliyemfunga kidonda mama yangu kila siku kwa miezi sita. Kafundishwa kupiga mpira na mimi hapa, akiwa na miaka saba, nyuma ya shule."

"Najua, Phelim."

"Unajua. Haya, sikiliza hiki." Alivuta kompyuta karibu. "Jana nilikaa nikaisikiliza mechi yetu upya. Nilikuwa natafuta la kukushitaki kwa mkuu wa kituo, sikufichi. Nikakuta kingine."

Akamvalisha visikizio. Majella akajisikia mwenyewe, kipindi cha kwanza: Temi wetu anakwenda pembeni. Temi wetu, jamani, mbio hizo kazitoa wapi. Kipindi cha pili: Temi wetu tena. Halafu kona, halafu goli, Temi wetu, binti wa Kilcarrow. Sekunde mbili za kimya. Bakare kaunawa ule mpira. Bakare yuko katikati. Bakare anatoa pasi. Mpaka mwisho wa mechi hakuna Temi tena, wala wetu. Bakare tu, kama jina lililosomwa kutoka karatasi ya timu pinzani.

Alivua visikizio.

"Sikukusudia," alisema.

"Najua hukukusudia. Nao Waingereza wa ng'ambo hawakusudii. Bondia wetu akishinda, ni wa kwao. Akipigwa, au akikutwa amelewa, ghafla ni Mwairishi. Tangu mimi mtoto tunawalaani kwa hilo. Wimbo umebaki sekunde ishirini, shemeji."

Majella alitazama kitufe chekundu. Alikuwa amejiandaa wiki hiyo kuwa mtu aliyesema kweli, na sasa kweli ilikuwa imekaa upande wa pili wa meza ikimtazama. Wimbo ukaisha.

"Wasikilizaji," alisema, "Jumamosi nilisema nilichokiona, na sirudi nyuma, ulikuwa mkono. Ila dakika kumi zilizopita mtu alisema hapa kwamba Temi si wa hapa, nami nikamwambia asante kwa maoni. Nilipaswa kumjibu, sikumjibu. Namjibu sasa. Huyo bwana amekosea. Na kabla hamjamkasirikia yeye, sikilizeni nilivyofanya mimi mwenyewe." Akamwashiria Phelim, Phelim akapiga kile kipande cha mechi, chote, hewani. Temi wetu, Temi wetu, kisha Bakare. "Mmesikia? Nilimfanya wetu alipotufurahisha, nikamrudisha kwao alipokosea. Kwao ni Barabara ya Kinu, nyumba namba nne. Mtoto wetu kaunawa mpira. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa kutangazwa."

Taa zote za simu zilikuwa zimezimika. Majella alidhani mtambo umeharibika. Kisha ikawaka moja.

"Haloo? Mko hewani?" Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu anayezungumza akijificha, na lafudhi yake ilikuwa ya Kilcarrow tupu, ile inayowachekesha watu wa Dublin. "Mimi Temi. Niko hotelini, kwenye ngazi. Haturuhusiwi kuongea na redio, kwa hiyo nikikata ghafla mjue kocha kapita."

Phelim ndiye aliyejibu. "Sema, mwanangu."

"Kwanza ndiyo, niliunawa. Sikupanga. Mpira ulikuwa juu kuliko nilivyodhani, mkono ukaenda. Nilitaka kumwambia refa, kweli tena, ila walinilalia watu tisa. Nilipotoka chini, wale wanaanza mpira, na uwanja mzima unaimba jina langu. Nikaogopa. Hiyo ndiyo shida yangu, niliogopa. Usiku sikulala."

"Pole, Temi," Majella alisema.

"Wewe usiniambie pole, mama Majella, ulisema kweli. Mama yangu alikuwa anasikiliza redio kazini, kanipigia kabla hata sijavua viatu. Kanifokea mpaka simu ikaisha chaji." Majella na Phelim walicheka bila kutaka. "Ila nina swali kwa yule bwana. Akisema nilikosea, yuko sawa. Akisema nimekosea kwa sababu baba yangu kazaliwa Ibadan, hapo sasa nauliza. Kocha Phelim alipomshika yule mshambuliaji bukta kwenye fainali ya mwaka themanini na tisa mpaka bukta ikavuka, yeye baba yake kazaliwa wapi?"

Phelim aliinamisha kichwa mezani. Mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

"Drumcoole," alisema alipopata pumzi. "Baba yangu kazaliwa Drumcoole, mwanangu, na bukta nilivuta mimi."

"Basi. Kingine, leo asubuhi nilikwenda kwenye meza ya Wafini wakati wa kifungua kinywa. Tuko hoteli moja. Nikamwambia kipa wao, ulikuwa mkono, nisamehe. Nilifikiri atanimwagia uji. Akanitazama weee, halafu akasogea kidogo kwenye benchi, nikakaa. Hatukuongea, Kiingereza hana, mimi Kifini sina. Tumekula tu. Haya, kocha huyo. Kwaherini."

Ikakatika.

Baada ya hapo simu ziliwaka zote sita na hazikuzimika mpaka saa moja na nusu. Wapo waliosema msichana aondolewe kikosini, wapo waliosema awe nahodha. Packie alipiga kwa mara ya tatu, na safari hii hakuwa na mzaha. Alisema aliishi London miaka kumi na minne akijenga nyumba za watu, na huko alikuwa Packie kwa msimamizi wake pale tu ukuta uliponyooka. Ukipinda, alikuwa Mwairishi. Alisema hajawahi kumsimulia mtu. Kisha akaomba radhi kwa mwalimu kuhusu karata. Assumpta McGurk naye alipiga, akasema yeye bado anaona Majella angekaa kimya Jumamosi, ila kuhusu mtoto wa Folake Bakare, atakayesema si wa hapa asitie mguu baa kwake.

Jumanne ilikuwa mechi ya mwisho, na Slovenia. Sare ilitosha kuivusha Ireland. Majella alifika uwanjani mapema, akamkuta Folake, mama yake Temi, amekaa peke yake jukwaani na sare yake ya unesi, blanketi miguuni. Alisimama mbele yake.

"Mama Temi, lile jambo la jina..."

"Nililisikia Jumamosi ile ile," Folake alisema. "Kabla yenu. Masikio yangu yameshazoea." Hakusema kwa ukali. Alilikunjua blanketi likafika kiti cha pili. "Lakini hakuna aliyewahi kulirudisha hewani akalisema mwenyewe. Hilo sikuwa nimezoea. Una dakika tano? Kaa, kuna baridi."

Majella akakaa. Hawakuongea mengi. Folake alimwuliza kama ni kweli kuhusu ile bukta, na Majella akamhakikishia kwamba alikuwepo, na kwamba ilikuwa mbaya kuliko inavyosimuliwa.

Mechi haikuwaendea vizuri. Slovenia walikuwa na winga mwenye kasi ya pikipiki, wakapata mabao mawili kabla ya mapumziko. Ireland wakarudisha moja. Temi alicheza kama mtu anayetaka kulipa uwanja mzima kwa siku moja, akikimbia hata mahali pasipokuwa pake. Dakika ya mwisho aliupata mpira nje kidogo ya eneo la hatari, akamzunguka beki, akapiga kwa mguu wa kulia.

"Temi wetu!" Majella alisema. "Anapiga... mwamba! Kagonga mwamba, jamani, na beki kamfuata mguuni, yuko chini. Temi wetu yuko chini."

Kipenga kikalia akiwa bado anatibiwa. Ireland walikuwa wametolewa. Majella alisubiri zile kelele anazozijua, za watu kulaani na viti kugongana. Badala yake, upande walikokaa watu wa baa ya McGurk mtu alianza kupiga makofi, wakafuata wengine, na walipomwinua Temi amekumbatia mabega ya wenzake wawili, jukwaa lote lilikuwa limesimama. Nyuma ya goli, wale Wafini waliokuwa wamemaliza mechi yao mchana, wakiwa na suti za mazoezi, nao walisimama. Yule kipa mwenye nywele nyeupe alikuwa anapiga makofi mikono juu ya kichwa.

Phelim alivua kofia, naye akapiga makofi hewani.

Walikuwa wanakunja nyaya simu ya kituo ilipoita. Majella aliipokea bila kutazama. Aliitambua ile sauti ya utulivu ya Jumatatu kabla haijamaliza salamu.

"Si kwa ajili ya kutangazwa," yule bwana alisema haraka.

"Hatuko hewani."

Ilisikika televisheni kwa mbali, na mbwa.

"Yule mtoto... mguu wake vipi?"

"Kifundo kimevimba. Daktari anasema wiki mbili."

"Aha. Nilikuwa nasikiliza. Lile shuti lilikuwa la mtu mzima."

Majella alikaa juu ya sanduku la vyombo. Alikuwa na mengi ya kumwambia, mengine makali, na aliyapitia yote kichwani. "Alhamisi atakuwepo mazoezini nyuma ya shule, hata kama hachezi," alisema. "Huwa anawafundisha wadogo. Njoo umwulize mguu mwenyewe. Hilo la Jumatatu utamwambia au hutamwambia, shauri lako."

Mbwa alibweka. Mtu alimnyamazisha.

"Mazoezi yenu ni saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi na moja na nusu. Valia viatu vya mpira, pale pana tope."